Sanduku Lenye Tundu Chini

Nilichinja kuku kwa sababu simu haikulia. Nataka hilo lieleweke mapema, kabla watu wa Homa Bay hawajakuambia kwamba mimi ni mama wa fujo aliyevuruga mkutano wa wasomi. Mimi si mtu wa fujo. Uliza yeyote katika soko la Migori: Rispa wa samaki ni mtu wa kucheka. Nimezika mume, nimefunga kibanda mara tatu na kukifungua mara nne, na bado asubuhi nikifika sokoni sauti yangu ndiyo hutangulia: "Kuja uone mbuta, macho yake yanang'aa kuliko ya bwanako!" Wateja hucheka kwanza, halafu hununua. Sauti hiyo ndiyo duka langu. Kibanda ni mbao tu.

Kwa hivyo shingo ilipoanza kuvimba niliitania kama ninavyotania kila kitu. Nilisema nimeota shingo ya tajiri. Kila kliniki niliyoingia waliniambia ni goita, badilisha chumvi. Nilibadilisha chumvi mpaka muuza duka akaniuliza kama nimenunua ng'ombe. Miaka minne ya chumvi. Mwishowe daktari mmoja kijana akanipima damu vizuri, akaniambia shida yangu haikuwa chumvi hata kidogo: kinga ya mwili wangu imegeuka, askari waliowekwa kunilinda wanaitafuna tezi yangu ya shingo wakidhani ni adui. Na skani ikaonyesha kwamba ndani ya tezi hiyo kuna kijiwe.

"Ni kansa?" nikamuuliza.

Alinichoma sindano, akatoa majimaji, akayaangalia kwenye kioo cha hadubini. Jibu likarudi: haijulikani. Tezi imejaa askari wale mpaka haionekani kama katikati yao kuna kansa au hakuna.

Kwenye benchi la kliniki hiyo nilikutana na Idil. Idil ana duka la vitambaa mkabala na soko, yeye na mumewe Abdishakur, na tulikuwa tumesalimiana miaka bila kujua kwamba chini ya ile hijabu kuna shingo pacha ya yangu. Ugonjwa ule ule, kijiwe kile kile, jibu lile lile la haijulikani. Yeye ni mpole, huongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Mimi nilimwambia, "Nyaminwa, dada yangu, tumegawiwa shingo moja, wewe umeificha, mimi nimeitembeza." Akacheka mpaka nesi akatuambia tunyamaze.

Ndipo mradi ukaja.

Ulitoka Homa Bay, na kiongozi wake alikuwa Daktari Mosoti, mtu wa miwani na maneno machache. Lakini aliyekuja kwetu Migori kila mara alikuwa Oliver, mratibu wake. Walitaka watu sitini kama sisi: kinga imegeuka, kijiwe kipo, kioo kimesema haijulikani. Tulijazana kwenye chumba kimoja cha kliniki, wanawake wengi na wanaume wa kuhesabu. Mmoja wao alikuwa Mzee Werema, Mkuria mfugaji wa upande wa Isebania, aliyeketi na fimbo yake katikati ya magoti kama anatuchunga sisi wengine.

"Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo," Oliver alituambia. "Maagizo yananakiliwa kwa kitu kinaitwa RNA, na nakala hiyo inatumika kutengeneza protini. Hiyo kazi tuliijua zamani. Lakini kuna RNA zingine, nyingi sana, ambazo hazitengenezi protini yoyote. Wasomi waliziita takataka. Kumbe ndizo zinaamua agizo gani lisikike na gani linyamazishwe."

Nikainua mkono. "Basi hao ni mabroka."

"Mabroka?"

"Enda Sori asubuhi, mitumbwi ikirudi. Broka hana mtumbwi, hana wavu, hajawahi kulowa hata soksi. Lakini akinyamaza, samaki hawauzwi. Akikohoa, bei inapanda."

Chumba kizima kilicheka, na Oliver pia, na nilimpenda kwa hilo. "Sawa, mama. Ni mabroka. Sasa, kwa kansa ya tezi, kuna mabroka wadogo fulani huongezeka. Wananyamazisha yale maagizo yanayozuia seli zisizaane ovyo. Kwenu nyinyi kioo kinaona askari tu. Tunataka kujua kama hesabu ya mabroka inaweza kutuonyesha nani arudiwe haraka. Hawatoshi kusema una kansa. Wanatosha kusema: huyu aangaliwe tena."

"Broka tangu lini akasema ukweli?" Mzee Werema akauliza. Halafu akaangalia sindano iliyokuwa mezani. "Na hiyo, kijana, ni ya watu kweli? Mimi nachoma ng'ombe na ndogo kuliko hiyo."

Tulicheka tena. Tulicheka sana siku ile. Ndilo jambo linaloniuma nikikumbuka.

Oliver alituambia kitu kingine: kwamba RNA hizi, hasa zile ndefu, huvunjika upesi. Joto kidogo tu na haziko. Lazima ziwe kwenye baridi kali kutoka shingoni mpaka maabara ya Homa Bay. "Basi ni samaki," nikasema, na nikajiona nimeelewa kila kitu.

Tukapanga foleni. Mimi nilikuwa mbele ya Idil. Watu kama thelathini hivi walipokwisha kuchomwa, Oliver akatoka akiwa na jasho. Sanduku lao moja la barafu lilikuwa karibu kujaa. La pili lilikuwa limekuja na mfuniko uliopasuka, na ndani yake barafu imegeuka maji. Stima ya kliniki ilikuwa imepotea tangu jana yake, friji yao ilikuwa kabati tu.

"Mama, nyinyi watu wa samaki, barafu mnatoa wapi?"

Unadhani nilisema nini? Nilitoka kwenye foleni mbio. Barafu yangu hutoka Sori kila alfajiri pamoja na samaki. Nilimwaga mbuta wangu wote kwenye beseni la jirani, nikajaza barafu ile kwenye sanduku langu mwenyewe, zuri, la buluu, nikalibeba kichwani mpaka kliniki. Nikamwambia Oliver, "Chukua. Sanduku hili limebeba wakubwa wa ziwa, sasa libebe shingo za watu. Ukilirudisha linanuka watu, tutakosana."

Kurudi kwenye foleni, nafasi yangu ilikuwa imekwenda. Idil alikuwa ameshachomwa, nambari thelathini na tisa, na kichupa chake ndicho cha mwisho kuingia kwenye sanduku lao zuri. Mimi nikawa arobaini na tatu. Kuanzia arobaini hadi hamsini tuliingia kwenye sanduku la samaki. Kumi waliobaki wakaambiwa waje wiki iliyofuata.

Kabla hawajaondoka Oliver alisimama mlangoni akasema, na maneno haya nayashika kama mistari ya kanisani: "Wale ambao alama zao zitatutia wasiwasi, tutawapigia simu ndani ya miezi mitatu, warudi kwa skani na sindano ya pili. Usipopigiwa, endelea na maisha."

Mwezi wa tatu Idil akapigiwa.

Alikuja kibandani kwangu amekunja mikono ndani ya hijabu. "Abaayo, dada, wameniita." Nilimshika. Nilimtania, kwa sababu sijui njia nyingine ya kumshika mtu: nilimwambia wamemwita kwa sababu ana duka, wanataka vitambaa. Lakini usiku ule niliomba kwa ajili yake. Walimrudia sindano, ikawa kansa, ndogo kama punje ya mtama. Akakatwa Kisumu. Akarudi na mshono mwembamba ambao hakuna anayeuona ila mumewe na mimi.

Na mimi simu yangu haikulia. Mwezi wa tatu ukaisha. Nikaenda kliniki kuuliza kama nirudie skani, karani akaangalia faili: "Wewe uko kwa mradi. Ngoja mradi." Nikamwambia mradi hawajanipigia. "Basi si uko sawa?" akasema.

Si uko sawa. Jumapili ile nilichinja kuku. Nilialika jirani wa kibanda, nilialika Idil na Abdishakur. Kuku alichinjwa na Abdishakur mwenyewe ili nao wale. Nilisimama na sufuria mkononi nikasema, "Mungu si mvivu!" Nikala kidari.

Mwaka ukatimia tangu tuchomwe sindano. Sauti ikaanza kukwaruza. Kwanza nilidhani ni moshi wa kukaanga samaki. Halafu asubuhi moja niliita mteja kama kawaida, "Kuja uone mbuta," na kilichotoka kilikuwa kama mlango wa zamani. Mteja akanipa pole ya mafua. Nilicheka bila sauti. Usiku nikiweka kidole chini ya koo nilikuwa nakisikia kile kijiwe, kigumu, kikubwa kuliko zamani, lakini akili ilikuwa imefungwa na kuku yule. Walisema wasipokupigia uko sawa. Hawakunipigia.

Idil ndiye hakukubali. "Hii sauti si mafua," alisema. Na ujumbe ulipokuja kwenye simu zetu kwamba mradi unarudisha matokeo kwa wananchi, hoteli moja Homa Bay, chai itakuwepo, akasema, "Tunaenda. Na utauliza." Abdishakur akatupeleka na gari lake la dukani. Kupita Asumbi wasichana wa shule walikuwa wanavuka barabara na sare zao, nikataka kuwatania kupitia dirishani nilivyozoea. Sauti ikakataa. Nikawapungia mkono tu kama chifu.

Ukumbi ulikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe na mandazi chini ya karatasi. Daktari Mosoti akasimama mbele na picha kubwa ukutani: uwanja mweupe umejaa nukta, za kijani chini, nyekundu juu.

"Kila nukta ni mmoja wenu," alisema. "Hatukuweka majina. Nambari tu. Nyekundu ndio tuliowaita. Kati ya tuliowaita, sindano ya pili ilipata kansa kwa saba, na wote saba wametibiwa mapema."

Watu wakapiga makofi. Wakaanza kusimama na kusogea ukutani kutafuta nambari zao, wakicheka, wakipiga picha na simu. Idil akaipata thelathini na tisa, nyekundu, juu kabisa. Akaweka kidole karibu nayo bila kuigusa.

Mimi nilitafuta kwenye kijani. Nilitafuta kutoka kushoto mpaka kulia kama mtu anayechambua vidagaa vya omena. Halafu nikatafuta kwenye nyekundu. Sikuwa chini. Sikuwa juu. Nikaona thelathini na nane, thelathini na tisa, halafu hamsini na moja.

"Daktari," nikasema. Haikusikika. Idil akanisaidia, yule Idil wa kuongea kama mtoto amelala. Akapaza sauti, "Daktari! Arobaini na tatu iko wapi?"

Mosoti akashuka jukwaani, akaangalia karatasi zake, akavua miwani. "Kuna sampuli kumi na moja ziliondolewa kwenye uchambuzi. Kwa sababu ya ubora."

"Ubora gani?" nikauliza. Sasa ukumbi ulikuwa umenyamaza, kwa hivyo mkwaruzo wangu ulitosha.

"Zilifika zimeharibika, mama. RNA ilikuwa imevunjika. Hazingesomeka."

"Mlijua lini?"

Akairudisha miwani machoni.

"Daktari, mimi nauza samaki, swali langu ni la samaki. Mlijua lini kwamba zimeoza?"

"Wiki hiyo hiyo," akasema.

Wiki hiyo hiyo. Miezi kumi na minne.

Alianza kueleza, na nitasema haki, hakunifokea. Alisema utafiti si matibabu. Alisema iko kwenye fomu tuliyotia sahihi, ukurasa wa nne. Alisema walihitaji watu arobaini na watano ili hesabu isimame, na walibaki na arobaini na tisa, kwa hivyo haikuwa lazima kurudia. Alisema walitarajia kila mtu aendelee na kliniki yake.

"Kliniki iliniambia ningoje mradi!" nikasema. "Wewe unanituma kwa kliniki, kliniki inanituma kwako, na mimi katikati nimekaa nakula kuku! Unajua nilichinja kuku? Nilishukuru Mungu mbele ya watu kwa ajili ya kichupa mlichokuwa mmemwaga kwenye sinki!"

"Mama Zablon, tafadhali," akasema Oliver, akiniita kwa jina la kifungua mimba wangu kama alivyozoea. Alikuwa amesimama kando ya chai, uso umemwiva. Na hapo kijana yule, kwa hofu au kwa kuchoka kulibeba peke yake, akasema jambo ambalo nadhani hakupanga kulisema. "Lile sanduku lilikuwa lako."

Watu wote wakaniangalia.

"Lilikuwa na tundu chini," Oliver akaendelea, sauti imeshuka. "Sikujua. Maji ya barafu yote yalimwagika njiani. Gari lilitukwamia Rongo kwa muda wa karibu saa tatu. Nilipofungua, vichupa vilikuwa vikavu. Vilikuwa na joto."

Nilikaa. Sikumbuki kukaa, lakini nilijikuta kwenye kiti chenye kitambaa cheupe.

Maana ni kweli. Tundu lile nililitoboa mimi mwenyewe, na msumari wa moto. Kila mtu wa samaki kuanzia Sori hadi Kisegi ana tundu chini ya sanduku lake. Samaki akilala kwenye maji ya barafu anavimba, analegea, mteja akimgusa anamrudisha. Maji lazima yatoke. Kwetu sanduku bila tundu ni sanduku la mjinga. Nami nilikimbia na sanduku lile kichwani, maji yakinichuruzikia mgongoni, na sikuwaza hata kidogo kwamba kuna kitu duniani kinachotaka kulala ndani ya maji yale. Kipande cha ndala cha kuziba tundu kilikuwa kibandani. Kilikuwa pale pale, juu ya mzani.

Nilijichoma na hilo kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Ukumbi ulikuwa unangoja nione aibu, na aibu niliiona. Halafu hasira ikarudi, na safari hii ilikuwa imejua njia.

"Sawa," nikasema, nikasimama. "Tundu ni langu. Samaki wangu wameshaoza mara nyingi. Stima, gari, jua, mvua, nimeoza nao. Lakini samaki akioza, harufu inafika kwa mteja kabla yangu. Siwezi kumficha hata nikitaka. Oliver, kichupa changu hakikunuka. Ni nyinyi mlikuwa pua yangu. Mlinusa, mkajua, mkanyamaza, kwa sababu mlikuwa na samaki wengine wa kutosha! Tundu liliharibu kichupa. Miezi kumi na minne hii iliharibiwa na mdomo."

Oliver akaanza kulia. Sikumhurumia siku ile. Nilimhurumia baadaye.

Idil akasogea akasimama kando yangu. "Huyu dada alikuwa mbele yangu kwenye foleni," akamwambia Mosoti polepole. "Alitoka kuwaletea barafu. Angekaa tu, yeye angekuwa nukta nyekundu, na kichupa changu kingekosa nafasi kwenye sanduku zuri. Leo mimi nina shingo iliyopona. Msikilize sauti yake, daktari. Wewe ni daktari. Isikilize."

Mosoti alisikiliza. Niliona uso wake ukibadilika kutoka uso wa mtu wa mkutano kuwa uso wa mtu wa hospitali. "Hiyo sauti imeanza lini?" akauliza.

"Miezi miwili."

"Siondoki hapa," nikaongeza kabla hajajibu. "Na si kwa ajili ya shingo yangu peke yake. Kuna wengine kumi. Hao nao wamechinja nini?"

Hakubishana tena. "Fomu ile niliiandika mimi," alisema, "na uamuzi wa kutorudia nilitia sahihi mimi. Si Oliver." Akamtuma mtu hospitali kuwasha mashine. Mchana huo huo nililala kwenye kitanda chembamba, Mosoti akinipaka ule utomvu wa baridi shingoni bila kunitazama machoni. Kijiwe kilikuwa kimekua mara mbili. Kilikuwa kimeegemea upande wa nyuma, karibu na mshipa unaopeleka sauti. Akanichoma sindano. Kichupa cha mradi akakitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku lao. Nikamwambia aligeuze kwanza nione chini. Akaligeuza.

Siku tisa baadaye jibu likaja: kansa. Aina ambayo hukua polepole, wakaniambia, kama kunipoza. Na mabroka wangu walihesabiwa safari hii: walikuwa wengi, juu kabisa, jirani na wa Idil. Mosoti mwenyewe alinipigia. Alisema tezi yote itatolewa, Kisumu, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Alisema nafasi ya kupona ni nzuri. Nikamuuliza kuhusu sauti.

"Sijui, mama. Kama kansa imeshika mshipa, daktari wa upasuaji atalazimika kukata. Hatutajua mpaka afungue."

"Na miezi kumi na minne iliyopita?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Pengine isingekuwa imefika hapo."

Angalau alisema. Polepole, walisema. Hata konokono, ukimpa mwaka na miezi miwili, atatoka Migori afike Rongo.

Wale kumi, Oliver alikuwa amewapigia kila siku tangu mkutano. Wanne walikuwa wamechoshwa na matapeli wa simu, wakamdhani mmoja wao: nambari ngeni, Kiswahili cha ofisini, "nina habari kuhusu afya yako." Walimkatia. Wengine walisema hawana haja, mradi ulishawaambia wako sawa. Mmoja alimtukana mama yake. Oliver akaja Migori mwenyewe, akasimama mbele ya kibanda changu na orodha mkononi kama mtoto aliyetumwa na kupoteza pesa.

"Mama Zablon, hawaniamini."

"Kwa nini wakuamini?"

Nikamnyang'anya ile karatasi.

Tulikaa dukani kwa Idil, mchana, katikati ya mabunda ya vitambaa, siku mbili kabla ya Alhamisi yangu. Mosoti alikuwa ameniambia nipumzishe sauti. Ilikuwa imebaki kidogo, kama dawa ya meno mwisho wa mwezi, unakunja bomba. Idil alibonyeza nambari, akaweka simu kwenye spika, nami nikaikunja.

Sikusema habari za afya. Yule mama wa Sori nilimwambia, "Wewe si ndiye ulikuja na viatu vya ndugu yako, vikubwa, ukaanguka mlangoni?" Kicheko. "Nani huyu?" Mama wa sanduku la samaki, nikamwambia. Sasa sikiliza. Na kicheko kikafa. Mwingine wa Kisegi nilimkumbusha jinsi alivyomwambia nesi kwamba anaogopa sindano kuliko mumewe na mumewe ana urefu wa nguzo ya stima. Vile vile: kicheko, jina, halafu habari. Kila mmoja nilimchekesha kwanza ili aniamini, halafu nikamvunja. Ni kazi mbaya. Nimefanya kazi nyingi, sijafanya mbaya kuliko hiyo. Na kila mmoja, usidhani ni mimi peke yangu, kila mmoja alikuwa ameshukuru kwa namna yake. Mmoja alitoa sadaka. Mmoja alishona nguo.

Tisa wakakubali kuja Jumanne iliyofuata, Mosoti atakuwepo na mashine. Mkononi ikabaki nambari hamsini. Mzee Werema wa Isebania.

Simu ikalia sana. Nyuma yake nikasikia ng'ombe.

"Nani?"

Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Idil akaniletea maji ya moto. Nikanywa. Oliver alikuwa ameinama, mikono juu ya kichwa.

"Mzee," nikanong'ona, mdomo umegusa simu. "Ile sindano. Uliichomea ng'ombe gani?"

Akacheka, kicheko kikavu cha mzee. "Ah! Yule mama wa mabroka! Mbona unaongea kama mwizi?"

"Nimeibiwa, ndiyo maana. Mzee, shingo yako iko aje?"

"Shingo iko. Imekua kidogo, lakini si mlisema msiponipigia niko mzima? Nilichinja mbuzi. Nilikunywa na wazee wenzangu siku mbili. Nikawaambia, Werema amepona."

Nilimwangalia Oliver. Nikampa simu ashike, si ili aongee, bali ili imlemee mkononi, nami nikainama juu yake.

"Mzee, hukupona."

"Unasema nini? Kwani nilikuwa na kansa?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Hukupona na hukuugua, mzee. Hukupimwa."

Ng'ombe akalia upande ule. Sauti ya Werema iliporudi haikuwa na mzaha wowote.

"Na huyo kijana aliyesema yuko wapi?"

Sikuwa na sauti tena ya kujibu. Nilimwelekeza Oliver kidole kwenye simu. Akaiinua.

"Niko hapa, mzee," akasema. "Ni mimi."

Na Werema akaanza kumwambia ya moyoni, na Idil akainuka kufunga mlango wa duka, kwa sababu wateja walikuwa wamesimama kusikiliza. Nikamshika mkono asiufunge.